Mwongozo Kamili wa Kuishi na Ndege Wenye Kelele Waliojenga Viota Karibu na Nyumba ya Shamba

Wengi wanaolalamika kwamba ndege wanawakosesha usingizi huwa wamekwisha kujaribu mambo yale yale: wamebomoa viota kwa mti mrefu, wamepiga madebe, wametundika sanamu ya bundi juu ya paa, na baada ya wiki moja kelele ziko pale pale au zimezidi. Wanachokosea ni wakati. Wanapambana na ndege katika majuma ambayo ndege hawezi kuondoka kwa sababu ana mayai au makinda, kisha wanalisahau paa na kuisahau miti katika miezi ambayo kazi yote ingekwisha kwa siku moja.

Utaratibu ulio hapa chini umepangwa kwa kufuata wakati huo. Viota vikiwa na mayai au makinda, unaishughulikia nyumba na usingizi wako. Viota vikiisha kuwa vitupu, unashughulikia paa na miti. Usiruke hatua mbili za kwanza, kwa kuwa nyingine zote zinazitegemea.

## Vifaa vinavyohitajika

- Darubini ndogo, au simu yenye kamera inayoweza kuvuta picha ya mbali.
- Daftari na kalenda.
- Vizibo vya masikio vya sponji.
- Utepe wa sponji au wa mpira wa kuzibia mapengo ya milango na madirisha, pamoja na silikoni ya kuzibia nyufa.
- Feni.
- Ubao wenye upana wa sentimita 25 au zaidi, na waya wa kuutundikia.
- Glavu za mpira, barakoa ya aina ya N95, chupa ya kunyunyizia maji na sabuni.
- Wavu wa waya wenye matundu yasiyozidi milimita 19.
- Magazeti makuukuu.
- Ngazi imara na mtu wa kuishikilia.
- Msumeno wa kupogolea matawi.

Kuna vitu ambavyo ni afadhali ubaki na pesa zako kuliko kuvinunua. Vifaa vinavyodaiwa kufukuza ndege kwa sauti ambayo binadamu haisikii havina kazi, kwa maana masikio ya ndege husikia vizuri zaidi sauti za kati, takriban kilohezi 1 hadi 4, na sauti iliyo juu ya uwezo wa sikio la binadamu iko juu ya uwezo wao pia. Sanamu ya bundi huwatisha kwa siku chache, hadi watakapogundua kwamba haisogei. Gundi ya kunasia ndege ni ukatili, na humnasa ndege yeyote pamoja na mijusi na popo, kwa hiyo isiingie nyumbani kwako kabisa.

## Hatua ya 1: Mtambue ndege na mahali hasa alipojenga

Kaa nje alfajiri na tena jioni, umbali wa mita 10 au zaidi kutoka kwenye mti au paa, ukiwa umetulia. Andika ni ndege gani, kiota kiko wapi, ni saa ngapi kelele huanza, na ni sauti ya namna gani. Fanya hivyo kwa siku kadhaa, kwa kuwa asubuhi moja haitoshi kukupa picha kamili.

Sababu ya kufanya hivi ni kwamba kelele si za aina moja. Ndege wengi huanza kuimba dakika 30 hadi saa nzima kabla ya jua kuchomoza, wakitangaza mipaka yao, na wimbo huo hupungua mwanga unapoenea. Kigogota anayepiga mfululizo wa haraka kwenye bati au mbao tupu naye anatangaza eneo lake tu. Akigonga polepole, akinyamaza, kisha akarudi palepale na kuacha vishimo, anatafuta wadudu waliomo ndani ya mbao, na hapo unapaswa kumshukuru kwa taarifa na kumwita fundi aikague mbao hiyo.

Kwera wanastahili maelezo marefu kidogo, kwa sababu ndio wanaowakosesha wengi subira. Mtazame dume mmoja kwa darubini. Huchana ukanda mwembamba wa jani bichi, huusuka, na kiota kikiisha kukamilika hujining'iniza chini ya mlango wake, kichwa chini, akipigapiga mabawa na kupiga kelele zisizokoma. Jike huja, huingia, huzivuta nyuzi za ndani kuzijaribu, na mara nyingi huondoka zake. Kiota kisichopata mwenyewe hukauka na kugeuka kahawia, na dume hukibomoa mwenyewe ili aanze kingine kwa majani mabichi.

Kutokana na hayo utaona mambo mawili. Idadi ya viota vinavyoning'inia si idadi ya familia, kwani vingi ni vitupu. Pia, sehemu kubwa ya makelele hutoka kwa madume wanaojenga na kuwaita majike, kwa hiyo anayepita na mti mrefu kuvibomoa viota huwarudisha madume wote kwenye hatua ile yenye kelele nyingi kuliko zote. Hiyo ndiyo maana ya malalamiko kwamba "walizidi baada ya kuwafukuza".

Umefanikiwa ukiwa unaweza kuonyesha kwa kidole kiota kinachokusumbua na kueleza ni nani anayelia ndani au nje yake.

## Hatua ya 2: Kadiria zimebaki siku ngapi

Usipande juu kuchungulia, wala usisogeze matawi. Mienendo ya wazazi inatosha kukueleza. Ndege anayebeba majani au tope anajenga. Kiota kikiwa kimya na ndege mmoja akiingia na kukaa muda mrefu, mayai yanaatamiwa. Wazazi wakiingia na kutoka mara kwa mara huku wamebeba wadudu mdomoni, makinda wameanguliwa.

Ukishajua kipindi, tumia makadirio haya:

- Shomoro huatamia kwa siku 11 hadi 14, na makinda hukaa kiotani takriban wiki mbili.
- Kwera na mbayuwayu huatamia kwa wiki mbili hivi, na makinda hukaa takriban wiki tatu.
- Njiwa huatamia kwa siku 17 hadi 19, na makinda hukaa kiasi cha mwezi mmoja.
- Kunguru huatamia kwa siku 18 hivi, na makinda hukaa wiki nne hadi tano.
- Bundi wa aina inayopenda maghala na dari huatamia kwa mwezi mmoja, na makinda hukaa wiki nane hadi kumi, wakikoroma na kupiga mizomeo usiku kucha.

Andika kwenye kalenda tarehe unayotarajia makinda waondoke. Kujua kwamba zimebaki siku tisa hubadilisha kabisa namna mtu anavyozipokea kelele zile. Jiandae pia kwa jambo moja: kelele za makinda huongezeka kadiri wanavyokua, na wiki ya mwisho ndiyo mbaya kuliko zote. Wengi hukata tamaa na kuvunja kiota katika wiki hiyohiyo, zikiwa zimebaki siku chache wajiondokee wenyewe.

Tahadhari. Shomoro na mbayuwayu huweza kulea makinda mara mbili au tatu kwa msimu mmoja, na kundi la kwera huendelea kwa miezi, familia moja ikimaliza na nyingine ikianza. Kwa ndege hao, tarehe uliyoandika ni ya kiota kimoja tu. Kumbuka pia kwamba katika nchi nyingi ni kosa kisheria kuharibu kiota chenye mayai au makinda; Marekani ina sheria hiyo kwa ndege wahamaji tangu mwaka 1918, na Uingereza inalinda viota vinavyotumika kwa sheria ya mwaka 1981. Uliza idara ya wanyamapori ya mahali unapoishi kabla ya kugusa chochote.

## Hatua ya 3: Kitulize chumba cha kulala

Hii ndiyo hatua inayoleta nafuu ya haraka, na ndiyo inayorukwa zaidi kwa sababu watu huona ni kushindwa wakihama chumba kwa ajili ya ndege.

Anza kwa kuhamisha kitanda. Mahali palipo wazi, sauti hupungua kwa takriban desibeli 6 kila umbali kutoka kwenye chanzo unapoongezeka maradufu. Ukiwa mita 20 kutoka kwenye mti badala ya mita 10, tofauti utaisikia. Ukihamia upande wa pili wa nyumba unapata faida kubwa zaidi, maana ukuta wenyewe huwa kinga. Kama hakuna chumba kingine, usogeze kitanda mbali na dirisha na usikiegemeze kichwa chake kwenye ukuta unaoelekea mti.

Baada ya hapo, ziba mapengo. Sauti hupenya mahali hewa inapopenya, na dirisha zito lenye ufa pembeni halina tofauti kubwa na dirisha lililoachwa wazi kidogo. Pitisha kiganja chenye unyevu kuzunguka fremu wakati kuna upepo. Utakapohisi ubaridi, hapo ndipo pa kuweka utepe wa sponji au silikoni. Usisahau chini ya mlango na mahali ukuta unapokutana na dari. Mapazia mazito husaidia kidogo kupunguza mwangwi chumbani, lakini usiyategemee kuzuia sauti.

Ya tatu ni feni. Iwashe kwa kasi ndogo, iwe kati ya dirisha na kitanda. Mvumo wake usiobadilika hufunika sauti zinazokatika-katika, na hizo ndizo zinazomshtua mtu usingizini. Usiizidishe, ikikubidi kupaza sauti ili mtu aliye karibu akusikie, basi umebadilisha kelele moja kwa nyingine.

Mwisho ni vizibo vya masikio, ambavyo wengi huvitupa wakisema havifai kwa sababu hawajavivaa inavyopasa. Osha mikono kwanza. Kisokote kizibo kwa vidole hadi kiwe chembamba kama penseli, vuta sikio kwa mkono wa pili kuelekea juu na nyuma ili tundu linyooke, kiingize upesi, kisha kishikilie kwa ncha ya kidole mpaka kitakapofura. Kizibo kilichoingia vizuri hakionekani ukijitazama kwenye kioo kwa mbele. Kikionekana kimetokeza, kitoe uanze upya.

Tahadhari. Chumba kilichozibwa lazima kipate hewa kutoka upande mwingine wa nyumba. Usilale ndani yake kukiwa na moto wa aina yoyote, kwa kuwa moshi usioonekana huua. Mwenye mtoto mchanga au mgonjwa wa kumsikiliza usiku asizibe masikio yote mawili.

Umefanikiwa ukiwa bado unawasikia ndege ukiwa macho, lakini hawakuamshi ukiwa umelala. Ukimya kamili usiutarajie.

## Hatua ya 4: Ondoa vinavyowavuta karibu

Zima taa za nje usiku, au uweke zinazowaka mtu anapopita tu. Mwanga huwafanya baadhi ya ndege waanze kuimba mapema kuliko kawaida, na wengine waimbe usiku wa manane.

Funika chakula cha kuku na cha mbwa, na uwe na pipa la taka lenye mfuniko unaobana. Kunguru hasa hukaa pale wanapopata chakula kwa urahisi, na ndio wanaowaamsha ndege wengine wote wanapopigia kelele mwewe au paka. Kama una chombo cha maji cha ndege, kiondoe dirishani ukiweke mbali na nyumba badala ya kukitupa.

Ndege anayekigonga kioo cha dirisha asubuhi nzima anapigana na taswira yake mwenyewe akidhani ni mpinzani. Funika kioo hicho kwa nje, kwa karatasi au kwa sabuni iliyopakwa, mpaka atakaposahau. Kukifunika kwa ndani hakusaidii, kwa kuwa taswira iko nje.

## Hatua ya 5: Dhibiti kinyesi na linda maji ya kunywa

Mbayuwayu waliojenga juu ya mlango hawahitaji kuondolewa. Tundika ubao chini ya kiota, ukiacha nafasi kubwa ya kutosha ili ndege waingie wakiruka na paka asiutumie kama daraja, nao utapokea kinyesi chote. Usafishe mara moja kwa wiki.

Usifagie kinyesi kikavu. Vumbi lake laweza kubeba vijidudu vinavyoshambulia mapafu, ikiwemo kuvu inayosababisha ugonjwa wa histoplasmosi. Vaa glavu na barakoa, kinyunyizie maji ya sabuni hadi kilowe, kisha kikwangue kikiwa kibichi na ukifunge kwenye mfuko. Mwenye pumu au kinga dhaifu ya mwili aiachie kazi hii mtu mwingine.

Wanaokinga maji ya mvua kutoka juu ya paa wana jambo la kuongeza. Maji ya dakika za mwanzo za mvua, yaliyoosha paa, yamwagwe nje. Tangi liwe na mfuniko na chujio. Na maji ya kunywa yachemshwe.

## Hatua ya 6: Ndege wanaoshambulia na makinda walioanguka

Kunguru na baadhi ya ndege wengine huwarukia watu wanaopita karibu na kiota, hasa katika siku ambazo makinda wanajifunza kuruka. Badili njia kwa siku hizo, au pita na mwavuli. Usiwarushie mawe. Utafiti uliofanywa na John Marzluff wa Chuo Kikuu cha Washington, ambao watafiti wake walivaa vinyago walipokuwa wakiwanasa kunguru, ulionyesha kwamba kunguru hukumbuka sura ya aliyewatendea vibaya kwa miaka, na kwamba wenzao hujifunza kumchukia pia.

Ukimkuta kinda chini akiwa na manyoya na anarukaruka, mwache. Wazazi wanajua alipo na wanamlisha hapohapo. Kama yuko njiani au karibu na paka, msogeze hadi kwenye kichaka cha jirani, na mfungie paka ndani. Kinda asiye na manyoya mrudishe kiotani kama pana usalama wa kufika. Si kweli kwamba wazazi watamkataa kwa sababu umemgusa. Usimpe maji mdomoni, kwani humpalia kwa urahisi.

## Hatua ya 7: Makinda wakiondoka, anza kazi mara moja

Sasa ndipo unapoweza kubadilisha mambo, na muda wake ni mfupi kuliko unavyodhani. Utitiri waliokuwa wakiwanyonya makinda hubaki kiotani wenye njaa, na baada ya muda hushuka chumbani kutafuta mwili mwingine. Kiota kilichoko darini au ukingoni mwa paa kisikae humo baada ya kuthibitisha kwamba ni kitupu.

Uthibitisho ni huu. Sikiliza asubuhi na jioni kwa siku mbili. Kusiwe na sauti yoyote, wala mzazi anayeingia na chakula. Kisha likunje gazeti na ulichomeke kwa ulegevu kwenye tundu wanalopitia. Likae siku mbili hadi tatu. Lisipoguswa, hakuna aliyemo. Likisukumwa nje au kuvutwa, au ukimwona ndege akihangaika karibu nalo, liondoe mara moja na usubiri.

Paa likiwa tupu, ondoa kiota kwa kufuata masharti ya hatua ya 5, kisha ziba kila tundu linalozidi sentimita 2, maana shomoro huhitaji upana wa sentimita 3 hivi tu ili aingie. Tumia wavu wa waya uliovutwa na kupigiliwa pande zote. Wavu uliolegea ni hatari, kwa sababu ndege hunasa miguu na kufa humo. Bati ambalo kigogota hulipiga lijazie sponji kwa nyuma ili lisitoe mlio. Akikosa mlio atatafuta kwingine.

Upande wa miti, hakikisha kwanza kwamba hakuna kiota chochote kinachotumika, kisha pogoa matawi membamba yanayoning'inia karibu na madirisha ya kulala, kwa kuwa ndiyo kwera huyapenda. Usiukate mti wote. Mti ulioko mita 30 kutoka nyumbani uache kama ulivyo, ndege wapate pa kwenda. Wakiukosa, watarudi kwenye paa lako.

## Hatua ya 8: Kagua kabla ya msimu kuanza tena

Mwezi mmoja kabla ya wakati ambao ndege walianza kujenga, kama ulivyoandika kwenye daftari, zunguka nyumba yote kwa ngazi. Wavu hupata kutu, mbao hupinda, na silikoni hubanduka.

Ndege wa kwanza watakapofika, watazame kwa siku chache. Akija mmoja na nyasi mdomoni, akazungukazunguka palipozibwa, kisha akahamia kwenye mti wa mbali, kazi imetimia. Akiendelea kurudi pembe ileile ya paa na kupotea ghafla, kuna tundu ambalo hukuliona, na una siku chache tu za kulitafuta na kuliziba kabla hajataga.